Mlango Wenye Kioo

Kila asubuhi, Fundi alifungua milango yote mitatu ya nyumba yake. Wa mbele, wa uani, na wa chumba cha nyuma. Aliisukuma mpaka ikagusa ukuta. Kisha akaweka jiwe chini ya kila mmoja ili upepo usiurudishe. Ndipo alipokaa barazani, akaingiza uzi kwenye sindano ya cherehani na kuanza kazi.

Kijiji kizima kilimwita Fundi. Alikuwa ameshona sare za shule za watoto, halafu za watoto wa watoto hao. Lakini ulipokuja ule ugonjwa mkubwa, ule wa barakoa na ndoo ya kunawa kila mlangoni, mambo yaliharibika. Soko lilifungwa, na shule pia. Vijana wengi walikuwa wameshahamia mjini tangu zamani, na baada ya ugonjwa waliobaki wakawafuata. Nyumba nne za jirani zilibaki na kufuli tu. Cherehani ikawa inalala siku tatu, nne, bila kuguswa.

Na mume wake akafa. Hilo tuliseme mapema, maana bila kulijua hutamwelewa huyu mama. Mzee aliugua, na watu wa afya wakasema akae peke yake chumba cha nyuma, mlango ufungwe. Fundi alikuwa akimwekea chakula kizingitini, anabisha, anaondoka. Siku tisa walizungumza kupitia ubao wa mlango. Siku ya kumi alibisha, asijibiwe. Binti yao alikuwa mjini na barabara zilikuwa zimefungwa, kwa hiyo hakuweza kuja kumzika baba yake. Tangu siku hiyo Fundi hakuruhusu mlango ule ufungwe tena.

Ugonjwa ukapita. Siku moja gari lilisimama mbele ya nyumba. Akashuka binti yake, anayeitwa Mama Pacha, na pacha wake wawili wa miaka saba, na masanduku matano.

"Mwanangu! Umekuja kutembea?" Fundi aliuliza, uzi bado uko mdomoni.

"Nimekuja kukaa, Mama."

"Kukaa? Na kazi je? Umefukuzwa?"

Mama Pacha alicheka. "Kazi nimekuja nayo. Iko humu kwenye mkoba."

Alieleza. Mjini aliajiriwa na hospitali. Wagonjwa walipiga simu, naye aliwapangia siku ya kumwona daktari, au aliwakumbusha kufuata dawa. Wakati wa ugonjwa wafanyakazi wa simu walirudishwa nyumbani na kompyuta zao. Kazi ikaendelea vizuri tu. Ugonjwa ulipoisha, hospitali ikasema anayetaka kuendelea hivyo aendelee.

"Simu haijui nimekaa wapi, Mama. Kule nililipia chumba kimoja, watoto wanacheza kwenye ngazi. Baba yao ni dereva wa lori, yuko safarini mwezi mzima. Nikajiuliza, ninakaa huku kwa ajili ya nani? Na wewe uko peke yako."

Fundi alilia, akacheka, akalia tena. Jioni hiyo aliwapima pacha mabega ili awashonee sare.

Mwalimu mkuu alikuja kesho yake na daftari. "Darasa la pili lina watoto kumi na mmoja," alisema. "Wasipofika kumi na wawili, linahamishiwa ng'ambo ya mto. Sasa nimepata wawili kwa mpigo! Mama Pacha, usije ukaondoka, tafadhali."

"Aondoke aende wapi?" Fundi alijibu. "Huyu amefika."

Basi, furaha ilikuwa kubwa. Tatizo likaanza Jumatatu.

Mtandao ulishika vizuri sehemu moja tu, chumba cha nyuma. Mama Pacha aliweka meza pale, akavaa hedifoni, akaondoa lile jiwe na kufunga mlango. Hazikupita dakika kumi, Fundi akaufungua.

"Mwanangu, njoo unishikie kitambaa nikate."

"Mama, niko kazini."

"Kazini wapi? Si umekaa tu kwenye kiti?"

Mama Pacha alikwenda kumshikia. Akarudi, akafunga. Mlango ukafunguliwa. "Unakunywa chai?" Akafunga. Ukafunguliwa. "Nimesahau, sukari utaweka?" Akafunga. Ukafunguliwa tena, na safari hii Fundi hakusema kitu. Alichungulia tu, akamtazama, akaenda zake.

Watu walipouliza habari za binti, Fundi alijibu, "Hajambo. Yuko tu nyumbani." Na mtu aliye nyumbani tu, nani asiyemsalimu? Walikuja mmoja mmoja. Fundi aliwaingiza mpaka chumbani, maana aliona ni aibu mgeni akalie kiti barazani na mwenyeji yuko ndani.

Jumatano alikuja jirani anayeitwa Redio. Jina hilo hakupewa bure. Mama Pacha alikuwa kwenye simu, anamweleza mgonjwa mmoja arudi hospitali kuhusu majibu ya kipimo chake. Redio akaingia mikono imenyooka.

"Hodi, hodi! Jamani Mama Pacha, umenenepa! Kipimo cha nani tena hicho?"

Mgonjwa alisikia kila neno. Akakata simu, na hasira zake akazipeleka hospitali. Saa moja baadaye msimamizi wa Mama Pacha akapiga.

"Siri ya mgonjwa ni amana," alisema. "Huko unakofanyia kazi ni ofisini au sokoni?"

Jioni Mama Pacha alikaa na mama yake kwenye ngazi ya uani. Hakupandisha sauti.

"Mama, likitokea tena nitaambiwa nirudi ofisini mjini, au niache kazi. Nikiacha, tutakula nini sisi wanne? Naomba mlango ufungwe. Ni hilo tu."

"Nimekosa, mwanangu," Fundi alisema. "Kuanzia kesho sigusi kitasa."

Akapiga moyo konde kweli. Alhamisi mlango ulifungwa kutwa. Ijumaa pia. Fundi alishona huku ameuma meno, na kila mshono ulikwenda upande.

Lakini kijiji nacho kina macho. Mlango wa chumba kile kile, umefungwa mchana kweupe, na ndani mtu anasikika akitaja dawa, daktari, homa. Redio alisimama kisimani, akapunguza sauti, jambo ambalo hakulizoea.

"Mimi sisemi kitu. Lakini lisemwalo lipo. Mama Pacha katoka mjini, na sasa amefungiwa chumba alichofungiwa baba yake. Mnataka niwaambie nini zaidi?"

Jumatatu iliyofuata watu walipita upande wa pili wa njia. Mteja aliyekuja kuchukua gauni alisimama mbali. "Litundike tu kwenye ua, Fundi. Nitalichukua." Adhuhuri pacha walirudi kutoka shuleni wamevaa barakoa.

"Bibi," mmoja aliuliza, "mama atakufa?"

Fundi aliachia kitambaa. Hakujua aliinuka saa ngapi wala alifikaje. Alijikuta ameshika kitasa, ameusukuma mlango mpaka ukagonga ukuta.

"Mlango huu haufungwi tena!" alipiga kelele. "Umesikia? Haufungwi nyumbani kwangu!"

Kwenye simu alikuwa msimamizi mwenyewe, anafundisha jambo jipya. Akaacha kufundisha. Halafu msimamizi akasema polepole, "Mama Pacha, nakupa wiki tatu. Ikishindikana, utarudi mjini. Pole sana." Simu ikakatwa.

Mama Pacha alivua hedifoni.

"Mama, unanifukuza? Sema tu. Nitaondoka na wanangu."

"Baba yako alikuwa humo," Fundi alisema.

"Najua alikuwa humu."

"Hujui. Hukuwepo." Fundi alikaa sakafuni, pale pale kizingitini. "Siku tisa nilizungumza na ubao. Niliambiwa nisifungue, nikatii. Siku ya kumi nilibisha mpaka vidole vikachubuka. Sasa wewe umekaa humo humo, umefunga, sikuoni. Nikiwa kule barazani nasikiliza tu. Ukinyamaza dakika mbili, moyo unanienda mbio. Sifungui kwa ajili ya chai, mwanangu. Nafungua nione kama unapumua."

Mama Pacha alipiga magoti, akamkumbatia. Alikuwa amemlilia baba yake peke yake, katika chumba cha kupanga, bila kaburi la kutazama. Siku hiyo walimlilia pamoja. Pacha walisimama mlangoni na barakoa zao, wakatazama, kisha nao wakaja kukumbatia walichoweza kukifikia.

Kesho yake alikuja mtu mmoja tu, na hakupita upande wa pili wa njia. Alikuwa Karani wa posta. Posta ya kijiji ilifunguliwa mara tatu kwa wiki siku hizi, maana barua zilikuwa zimeadimika. Alipanda barazani moja kwa moja na sketi mkononi.

"Naomba unipandishie pindo," alisema. "La pili, nimesikia mna mgonjwa. Nimekuja kuwauliza wenye nyumba, maana kuuliza si ujinga."

"Hakuna mgonjwa!" Fundi alisema. "Kuna kazi. Kazi imetuletea balaa kubwa kuliko ugonjwa."

Akamweleza yote, tangu chai mpaka kilio. Karani alisikiliza bila kumkatiza. Alipomaliza, aliuliza, "Fundi, unakumbuka mimi nimekaa posta miaka mingapi?"

"Tangu binti yangu hajaolewa."

"Ishirini na sita. Yote hiyo nimekaa kwenye kiti tu, kama binti yako. Uliwahi kuja nyuma ya dirisha unipe chai?"

"Aka! Nitaanzaje? Pale ni kazini."

"Ulijuaje ni kazini?"

Fundi alifikiri. "Kuna dirisha. Na saa zimeandikwa."

"Umeona sasa! Mama mkwe wangu mwenyewe alipanga foleni pale. Siku ya kwanza alininunia. Siku ya pili akasoma saa, akaja saa nane. Watu hawachukii kusubiri, Fundi. Wanachukia kutojua wanasubiri nini. Mlango wa ubao mtupu hausemi kitu, kwa hiyo kila mtu anausemea lake. Redio kausemea ugonjwa. Wewe unausemea msiba."

Fundi alishusha macho kwenye sketi. Machozi yalimdondoka juu ya pindo.

"Pole, mwenzangu," Karani alisema na kumshika bega. "Msiba wako ni wa kweli. Ila binti yako yuko hai, na unaweza kumwona. Posta nina dirisha namba tatu, halijatumika miaka mingi. Kioo chake kipo stoo, kizima. Nitamwandikia mkuu wangu barua, niombe tukitumie."

"Barua? Kumbe bado kuna mtu anaandika!"

"Nipo mmoja," Karani alijibu, na wote wakacheka kwa mara ya kwanza wiki ile.

Mama Pacha alipotoka kupumzika, Karani alimgeukia. "Na wewe, mwanangu, una makosa yako. Umekuja na kazi mpya ukadhani watu wataielewa kwa harufu? Saa zako za kazi umemwambia nani?"

"Hakuna," Mama Pacha alikiri. "Nilidhani wataona tu."

"Wataona nini, na mlango umefungwa? Kazi ya nyumbani inataka mambo yake. Inataka saa za kuanza na kumaliza, na ukimaliza umemaliza, usimnyime mama yako jioni. Inataka mahali pake, pasipopita watu, ili siri za wagonjwa zisitoke. Umeme ukikatika je?"

"Nina betri, lakini huwa nasahau kuichaji."

"Usisahau. Na mvua ikinyesha kwenye bati hili, wagonjwa watakusikia kweli?"

Hapo Fundi aliinua kichwa. "Hilo niachieni mimi," alisema.

Jibu la barua lilikuja siku ya nne: chukueni. Seremala alikuja na msumeno, akakata tundu katikati ya mlango wa chumba cha nyuma, usawa wa macho ya Fundi. Akakiweka kile kioo, akakizungushia fremu. Fundi naye alitoa mablanketi mawili makuukuu. Aliyashonea ndani ya kitambaa kinene, mshono juu ya mshono, akapata mapazia mawili mazito kama magodoro. Moja akalitundika dirishani, jingine akalifunga chini ya bati, juu ya meza. Mama Pacha alipopiga makofi mle ndani, sauti haikurudi tena.

Chini ya kioo waliweka kibao. Pacha ndio walioandika, kwa herufi zilizopinda kidogo: KAZINI. SAA MBILI HADI SAA SITA. SAA NANE HADI SAA KUMI. SALAMU SAA NNE.

"Saa nne anapumzika robo saa," Fundi alieleza.

Lilibaki jambo la kijiji. Fundi alimwita Redio mwenyewe.

"Jirani, wewe ulitangaza ugonjwa. Njoo utazame, halafu utangaze ulichokiona."

Redio alisogea, akatia pua kwenye kioo. Ndani Mama Pacha alikuwa anaandika kwa haraka, anaongea, anatabasamu. Aliinua mkono akampungia.

"Mbona mzima kabisa huyu!" Redio alisema.

"Mzima. Anapangia wagonjwa siku ya kumwona daktari. Huko mjini, kutoka hapa."

"Kutoka hapa kwetu?"

"Kutoka hapa kwetu."

Redio alimeza mate. Kabla jua halijazama, kijiji kizima kilikuwa na habari, na mwalimu mkuu alikuwa amewavua pacha barakoa kwa mkono wake mwenyewe, akawaomba radhi mbele ya darasa.

Wiki tatu hazikuwa nyepesi. Siku mbili za mwanzo Fundi alikwenda kwenye kioo kila baada ya mshono mmoja. Kisha kila baada ya gauni moja. Ikafika Alhamisi ya wiki ya mwisho. Mvua ilikuwa inanyesha, barazani hakuna mtu. Fundi alisikia kikohozi ndani. Kimoja. Kisha kingine, kirefu, kikavu.

Mguu wake uliganda juu ya pedali. Aliinuka. Mkono ulifika kwenye kitasa kabla ya akili, ukakishika, ukaanza kukizungusha. Mzee alianza hivi hivi, na kikohozi kama hiki. Akainua macho, akatazama kwenye kioo.

Mama Pacha alikuwa anakunywa maji. Aliweka bilauri chini, akafuta midomo, akaendelea kuongea na simu. Alipohisi anatazamwa, aligeuka. Alimwona mama yake, akaona na ule mkono ulivyo. Akagusa koo lake, akatikisa kichwa polepole: si kitu. Kisha akaweka kiganja kifuani, akakiinua na kukishusha, ili mama aone anapumua.

Fundi alisimama pale muda mrefu kidogo. Halafu akaachia kitasa, akarudi barazani, akakanyaga pedali. Mshono ule ulikwenda sawa.

Siku ya mwisho ya wiki ya tatu msimamizi alipiga. "Sijasikia lalamiko hata moja," alisema. "Na jana kulikuwa na mvua kubwa kote, wenzako wa mjini hawakusikika. Wewe nilikusikia kama uko meza ya jirani. Umefanya nini?"

"Mama yangu ni fundi," Mama Pacha alijibu.

"Basi baki kwa mama yako."

Sasa umepita mwaka mmoja na nusu. Mtoto wa seremala, anayechora ramani za nyumba kwa kompyuta, alisikia habari akarudi na mkewe, na kufuli moja likafunguliwa. Dada wawili wanaofasiri maandishi wakarudi, likafunguliwa la pili. Si kila mtu aliyejaribu aliweza. Mmoja alikuja akakaa mwezi, kazi yake ikadai awepo ofisini, akarudi mjini. Lakini waliobaki waliongezeka, na wengine hawakuwa na chumba kitulivu nyumbani. Basi Karani aliandika barua nyingine. Chumba cha nyuma cha posta kikafunguliwa kwa ajili yao, kina meza sita. Mapazia yake mazito yalishonwa barazani kwa Fundi. Hata vijana wakimwendea Karani na matangazo ya kazi waliyoyaona kwenye simu, anawasomea kwa miwani yake. "Anayekudai hela ndipo akupe kazi, hana kazi," huwaambia, na kuwarudishia simu.

Darasa la pili lilikuwa na watoto kumi na tatu. Mwaka huu lina kumi na tisa. Wote kumi na tisa wamevaa sare za Fundi.

Juzi alipita mgeni, akamkuta anakata kitambaa.

"Hodi. Nasikia binti yako siku hizi yuko tu nyumbani?"

"Nani kakwambia?" Fundi alisema, mkasi hausimami. "Yuko kazini. Keti hapo, saa nne haiko mbali."

Kitambaa alikuwa amekikandamiza kwa jiwe ili kisisogezwe na upepo. Jiwe hilo lilikuwa la mlango wa nyuma. Maana siku hizi, kila asubuhi, Fundi anafungua milango miwili, wa mbele na wa uani. Kisha anampelekea binti yake chai, anamtakia kazi njema, anatoka, na mlango wa tatu anaufunga mwenyewe.